Samaki Kwenye Sufuria ya Maziwa

"Nani amepika hiki kitu kwenye sufuria yangu?"

Mama Tluway, mama mkwe wangu mtarajiwa, alisimama mlangoni mwa jiko lake pale Bashay, amejiziba pua kwa kitenge. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

Hiyo ilikuwa shikamoo ya sita tangu asubuhi. Kwetu Homa Bay, Kenya, tunaulizana habari, mambo yanaisha. Ila mwaka na nusu wa kusomea uuguzi Tanzania ulishanifundisha: ukikwama, toa shikamoo.

"Marahaba. Nimeuliza, ni nini hiki?"

"Samaki, mama. Perege wakavu wa Basotu. Nimewapika kwa maziwa, kama bibi yangu anavyopika."

"Maziwa ya ng'ombe wangu?"

Kwani kulikuwa na ng'ombe wa nani mwingine? Nikameza jibu. Mama akaketi kwenye kigoda, akashika kichwa kama aliyepigiwa simu ya msiba.

"Huyu binti ameniua! Tluway! Njoo uone mchumba wako alichonifanyia!"

Tluway akaja mbio kutoka zizini, gambuti zimejaa mavi ya ng'ombe. Akanusa. Nilimwona kabisa akimeza mate.

"Mweleze," mama akamwamuru. "Mweleze kwamba samaki hagusi sufuria ya maziwa. Ng'ombe anakauka! Tangu enzi za mama mkwe wangu, samaki hajaingia nyumba hii."

"Belinda," Tluway akasema, macho chini, "hapa nyumbani samaki hatuli."

"Ulipanga kuniambia lini?"

"Nilijua unajua."

Nilijua unajua! Nikatoa simu. Jana yake, nikiwa Basotu, ninakoishi kwa mafunzo ya zahanati, nilimwandikia: "Mama anapenda kula nini? Nataka kumpikia." Jibu lake lilikuwa bado lipo: "Anakula chochote, mpenzi. Jisikie nyumbani."

Basi nikajisikia nyumbani. Haya sasa.

Mama akainuka. "Tluway, mwambie baba yako, Jumapili wazee hawaendi Homa Bay. Siwezi kumposa mtu atakayenikaushia zizi."

Kule Homa Bay mama yangu alishaalika shangazi zangu wote kuwapokea hao wazee. Nikamgeukia Tluway.

"Sema kitu."

"Mama amekasirika, Belinda. Tumwache apoe kwanza."

"Sijakuomba apoe. Nimekuomba useme."

Mwanaume mzima anakagua gambuti! Nilimpenda, lakini saa ile ningeweza kumpiga na mwiko.

"Mama," nikasema, "naomba kuuliza swali moja tu. Jumamosi Tluway huwa yuko wapi?"

"Basotu. Anatengeneza matrekta kwenye mashamba ya ngano."

"Na mchana anakula wapi?"

"Belinda, tafadhali," Tluway akanong'ona.

"Anakula kwangu. Anachokula atakisema mwenyewe. Tluway, usiponitetea leo, hutanitetea hata tukishaoana. Ama useme, ama nipande pikipiki sasa hivi, na hiyo Jumapili tuisahau."

Ng'ombe akalia zizini.

"Samaki, mama," Tluway akasema.

"Nini?"

"Nakula samaki. Mwaka mzima sasa. Hata kichwa huwa nakula mimi."

"Na ukirudi Jumapili, nani anakamua?"

"Mimi."

"Kwa mikono hiyo hiyo?"

"Huwa nanawa, mama."

"Ananawa!" Mama akapiga makofi. Akatazama zizini, akatazama sufuria, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Mwaka mzima," akasema. "Na huyu ng'ombe mwezi uliopita ametoa maziwa mpaka tukawagawia majirani."

Akamnyooshea Tluway kidole.

"Kwa hiyo wewe, mtoto niliyekuzaa, umemwacha mgeni asemwe kwa kitu unachokula kwa siri?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi? Mwombe huyu!"

Tluway akapiga goti palepale kwenye majivu, suruali ya kazi na yote.

"Nilimwogopa mama, Belinda. Nimekuacha peke yako, na haikuwa haki. Sitakuacha tena."

Machozi yakanitoka. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa nampenda mjinga yule, vyote kwa pamoja.

Mama akashika sufuria kwa ncha za kitenge. Nikajua anakwenda kuimwaga. Akaiweka miguuni pangu.

"Sitaki kuiona tena jikoni kwangu. Ni yako, utaolewa nayo. Jiko lako litajengwa upande ule, mbali na zizi. Samaki wako waishie huko."

Sikuamini masikio yangu. "Na Jumapili, mama?"

"Wazee wataenda." Akamgeukia mwanawe. "Ila wewe, kukamua basi. Na maziwa ya nyumba hii huonji mpaka siku ya harusi. Si una samaki?"

Tluway, goti bado chini, akanitazama kwa macho ya kuomba msaada. Nikampakulia kipande cha perege, nikamkabidhi sahani.

"Kula, mpenzi," nikamwambia. "Jisikie nyumbani."