Kibarua Aliyelipwa Kabla ya Kazi

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mama. Kutoka kitandani alimwambia bintiye kwamba sebule imefagiwa, na mfagiaji hakuacha hata unyayo.

Binti alicheka. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu: mama mwenye nyonga iliyovunjika, na yeye, digrii yake ya uhasibu na miaka minne ya kupeleka CV kwa mabosi wanaodai experience, kana kwamba experience inapimwa dukani kama chumvi. Alipochoka kujipendekeza aligeuza meza ya kulia kuwa ofisi, akabandika karatasi mlangoni: Tunatunza Hesabu za Biashara Ndogo. Tunatunza! Yeye na kalkuleta.

Wakaja wateja sita. Risiti zao zilikuwa zimefuliwa pamoja na suruali, hesabu hazifungi, na yeye hakutaka waone hazifungi. Basi kila pengo alilipachika jina moja, Kibarua, na kazi ya kubuni. Kwa fundi cherehani: Kibarua, kufagia. Kwa mwenye saluni: Kibarua, kujaza ndoo. Kwa muuza samani: Kibarua, kubeba. Amelipwa, amelipwa, amelipwa. Chuoni hiyo ni dhambi. Mtaani unaitwa mtaalamu.

Siku ya pili baada ya sebule kufagiwa, saa sita mchana, ndoo zote zilikuwa zimejaa hadi mdomoni, na jikoni kulinuka jasho na udongo mbichi. Siku ya tatu alitoka sokoni akamkuta mama kibarazani, kwenye kiti, mama ambaye kwa miezi miwili hakuweza hata kujigeuza bila kushikwa.

"Nani kakubeba?"

"Kijana wako," mama alinong'ona. "Mikono ina moto kama pasi, mwanangu. Anasema kalipwa kazi ambayo hajaifanya. Anasema yeye si mwizi."

Mganga aliyeitwa, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, hakuchoma chochote. Aliuliza tu ni kazi gani zimeandikwa, akasikiliza, akavua miwani.

"Umemwajiri jini. Akishapokea ujira haondoki na deni. Nenda kwa kila mwenye kitabu, ufute mbele ya macho yake, useme ulidanganya. Usibakize hata kimoja."

Alikwenda. Fundi cherehani alimtukana mpaka mate yakamkauka. Mwenye saluni alimnyang'anya kitabu. Muuza samani alisema alijua tu, wasomi ni wezi wenye vyeti. Watano walifutiwa. Akabaki mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyelipa kuliko hao watano wote, na pesa yake ndiyo iliyonunua dawa za mama. Alisimama mlangoni pake, akageuka na kurudi. Mstari mmoja tu, alijiambia, mstari mmoja utamdhuru nani? Akamtumia mganga ujumbe: tayari.

Siku saba zilipita kimya, akaanza hata kuimba akiosha vyombo.

Siku ya nane, jua likiwa utosini, ile harufu ya udongo ilirudi ikipita chini ya mlango, ikafuatwa na kishindo nyuma ya jiko, halafu kingine, vya taratibu, vya mtu asiyechoka, na alipochungulia dirishani hakuona mtu wala jembe, ila udongo uliokuwa ukirushwa juu kutoka ardhini na kujipanga lundo, ndipo akakumbuka alichokiandika katika kile kitabu kilichofungiwa kwenye droo ya dukani: Kibarua, kuchimba shimo la choo, futi sita, amelipwa. Akampigia simu mwenye duka, ikaita, ikaita, ikakatika, akapiga tena huku akinong'ona sorry, bosi, nilidanganya, pokea, nilidanganya, kwa simu isiyokuwa na mtu.

Vishindo vikakoma.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mama, ndogo, ya kulalamika tu.

"Mwanangu, mwambie kijana wako kamba yake inaniunguza. Kashanipima urefu mara mbili, yatosha."