Kofia ya Dereva

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, duka la kofia la Mtaa wa Arobaini na Saba, Chicago, lilijaa wanawake mpaka mlangoni. Kila mmoja alitaka kesho yake aingie kanisani na kichwa kipya. Verdell Oakes, mshonaji wa duka, alikuwa na pini sita mdomoni na futi kamba shingoni, gauni lake la bluu limemkaa vizuri kiunoni, na miguu inamwaka moto tangu asubuhi. Ndipo akaingia mwanamume mrefu, suti ya kahawia, viatu vinang'aa, akasimama katikati ya wanawake wale kama jogoo aliyekosea banda.

"Nataka kofia ya mama yangu," akasema.

Verdell akatoa pini mdomoni. "Kichwa chake kina ukubwa gani?"

"Cha kawaida tu."

"Kaka, hakuna kichwa cha kawaida. Hata hicho chako si cha kawaida."

Wanawake wakacheka. Yule bwana naye akacheka, jambo ambalo Verdell alilitia maanani, kwa sababu wanaume wengi wakichekwa hununa.

"Basi ni kikubwa," akasema. "Mama ana maneno mengi, lazima yawe na pa kukaa."

"Na wewe umerithi?"

"Maneno au kichwa?"

"Inama nikupime, tujue."

Akamzungushia futi kamba palepale mbele za watu. Inchi ishirini na tatu na nusu. Alinukia sabuni na rangi ya viatu. Akanunua kofia ya zambarau yenye unyoya mmoja, akasahau glavu zake juu ya meza makusudi, akazirudia Jumanne.

Jina lake Hosea Gaddis, umri miaka thelathini, mpanga barua wa posta. Alikuwa na gari la Buick la kijani alilolihangaikia miaka mitano, na kila Jumapili baada ya ibada alimpitisha Verdell kando ya ziwa, madirisha wazi, wakila aiskrimu. Siku za kazi walizungumza kwa simu. Simu yenyewe ilikuwa ukutani kwenye korido ya nyumba aliyopanga Verdell, mbele ya mlango wa Mama Tolliver, mwenye nyumba, mjane aliyeweza kuisikia kabla haijalia.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Na usiniite malkia, Mama Tolliver anasikia."

"Basi msalimie."

"Amesikia. Anasema ahsante."

Ila Verdell alikuwa na kidonda. Miaka miwili alikuwa mchumba wa mwanamume aliyempamba kwa maneno matamu, kumbe ana mke na watoto watatu mji wa pili. Kwa hiyo mapema kabisa alimwambia Hosea, "Niambie jambo lolote, hata liwe chungu kama shubiri. Lakini usinidanganye. Nikikushika na uongo mmoja, wa pili siungoji."

"Sitakudanganya," Hosea akasema, na alipokuwa akisema alikuwa anaamini.

Jumapili moja ya Juni mvua iliwakuta ndani ya gari. Verdell akanyoosha mkono kiti cha nyuma achukue gazeti la kujifunika kichwa. Chini ya gazeti kulikuwa na kofia. Nyeusi, ngumu, yenye ukingo wa mbele unaong'aa. Kofia ya dereva wa matajiri.

"Ya nani hii?"

"Ya rafiki yangu. Aliisahau."

Mkono wa mshona kofia hauombi ruhusa. Verdell aliigeuza, akapitisha kidole kwenye ukanda wa ngozi wa ndani, kisha akatoa futi kamba mkobani.

"Rafiki yako ana kichwa chako."

"Vichwa vinafanana, mpenzi."

"Havifanani. Mimi nakula kwa sababu havifanani." Akaiweka kofia katikati yao. "Hosea, gari hili ni la nani?"

"Langu."

"Na kofia?"

Hosea akashika usukani, akatazama maji yanavyotiririka kwenye kioo. Verdell alingoja. Alingoja zaidi ya alivyomngojea yeyote. Alipoona hapati neno, akafungua mlango akashuka kwenye mvua, kichwa wazi. Moyoni alishajijibu: ni dereva wa mzungu fulani, Jumapili tajiri akilala yeye anachukua gari kutongozea. Udereva si aibu, baba yake mwenyewe alibeba mizigo stesheni. Aibu ni uongo.

Wiki mbili simu ililia. Mama Tolliver ndiye aliyepokea.

"Hayupo, mwanangu."

"Mama, namsikia anakohoa."

"Anakohoa, lakini hayupo."

Usiku wa tatu wa wiki ya pili, mjane yule alimkuta Verdell jikoni mbele ya chai iliyopoa. Akavuta kiti.

"Kijana mwenyewe kwao wapi?"

"Kusini ya jimbo, mtoni huko. Mama yake yuko huko bado."

"Na huenda kumwona kwa gari?"

"Nadhani."

Mama Tolliver akatikisa kichwa polepole. "Wewe umezaliwa hapa Chicago. Ukisafiri unapanda treni. Mimi kofia ile najua ni ya nini, lakini si yangu kuisemea. Mwambie akupeleke kwa mama yake. Kwa barabara."

Simu ilipolia kesho yake, Verdell aliipokea mwenyewe.

"Nipeleke kwa mama yako," akasema, hata salamu hakutoa.

"Kwa treni?"

"Kwa gari."

"Verdell, njia ile..."

"Kwa gari, Hosea. Ama usipige tena."

Wakaondoka Jumamosi, jua halijachomoza. Verdell alivaa gauni jeupe la madoa mekundu, na kando yake boksi la kofia yake ya Jumapili. Mama Tolliver aliwapa kuku wa kukaanga na mayai ndani ya boksi la viatu. "Kuleni mkienda," akasema. "Msiingie hoteli, msiombe choo cha mtu. Na jua likianza kushuka muwe mmeshafika."

Nusu ya njia ilikuwa tamu. Hosea alirudiwa na utani wake, Verdell naye akamlisha paja la kuku huku akiendesha, mambo ambayo watu waliokosana hawafanyi. Lakini adhuhuri wakapata pancha, na tairi la akiba likakutwa bovu. Hosea alilibeba begani maili mbili hadi kwa mkulima mmoja mweusi aliyejua kuziba. Saa tatu nzima zikapotea. Walipoondoka tena, utani wote ulikuwa umemwisha. Kila mara alitazama jua, kama mwenye mgonjwa anavyomtazama daktari.

Kwenye shamba moja la mahindi alisimamisha gari, akafungua mlango wa nyuma.

"Hamia nyuma."

"Nimekosa nini?"

Hosea aliinama chini ya kiti, akatoa ile kofia, akaivaa. Verdell alikuwa amewavisha watu kofia elfu, hakuwahi kuona kofia ikimpunguza mtu kimo namna ile.

"Mbele yetu ni Ashlock," Hosea akasema. "Daraja liko kwao, njia nyingine hakuna. Kuanzia hapa gari hili si langu, ni la Bwana Whitcomb. Mimi dereva wake. Mtu mweusi na suti yake kwenye gari kama hili hafiki. Dereva wa mzungu anafika."

"Bwana Whitcomb ni nani?"

"Hayupo. Nilimtunga mimi."

Verdell akahamia nyuma, uso umemwiva kwa aibu ya yale aliyoyawaza wiki mbili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Twende kwanza. Jua linakwenda."

Kibao kilikuwa mwanzo wa mji, herufi nyeupe, kimepakwa rangi upya: MTU MWEUSI, JUA LISIKUZAMIE HAPA. Verdell aliwahi kusikia wazee wakivitaja vibao hivyo, kama watu wanavyotaja njaa ya zamani. Hiki kilikuwa hakina hata vumbi.

Hawakufika mtaa wa pili. Gari la polisi liliwapita, likawazuia kwa mbele. Akashuka askari mnene mwenye kijiti cha meno.

"We boi. Gari la nani?"

"La Bwana Whitcomb, bwana. Wa Chicago."

"Na huyo?"

"Mshona kofia wa bibi, bwana. Nampeleka."

"Bibi yupi? Anakaa wapi?"

Hapo Hosea alikwama. Miaka yote alikuwa amepita peke yake, na uongo wake ulikuwa na bwana tu, haukuwa na bibi. Verdell aliona shingo yake ikilowa jasho chini ya kofia. Sekunde moja, mbili. Yule askari akakitoa kijiti mdomoni.

"Bibi Whitcomb yuko ng'ambo ya mto kwa dada yake, bwana," Verdell akasema kutoka nyuma, sauti nyepesi kama ya dukani. "Binti yao anaolewa kesho. Kofia hii ya mama wa bibi harusi isipofika leo, mimi na huyu dereva wake mzembe hatuna kazi. Nilimwambia akague tairi, hakukagua. Unamwona alivyo."

Askari akamtazama Hosea, akaguna kwa kicheko. Akafungua boksi. Ilikuwa kofia ya Verdell mwenyewe, ya rangi ya maziwa, waridi la hariri ubavuni, kazi ya jioni ishirini. Yule mtu akaishika kwa vidole viwili, kisha akairudisha taratibu, akafunika. Mali ya Bibi Whitcomb, mwanamke asiyekuwepo duniani, ilipata heshima ambayo waliokuwepo hawakuipata.

Akaelekeza kidole magharibi. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mkono juu ya paa za nyumba. "Unaliona lile, boi?"

"Naliona, bwana."

"Basi."

Hosea aliendesha polepole, kwa sababu mwendo wa kasi nao ni kosa. Watu walikuwa wamekaa kwenye veranda zao, wakinywa maji ya limau, watoto wakikimbizana na mbwa. Mji mzuri. Katikati ya mtaa mmoja alisema bila kugeuza shingo, "Kulia kwako, nyumba ya kijani. Nilizaliwa humo. Mimi huwa siitazami."

Verdell akaitazama.

Walipovuka daraja na kuacha taa za mji nyuma, Hosea alisimama kando ya barabara. Mikono yake ilikataa kuachia usukani, ikambidi Verdell aje mbele amtoe kidole kimoja kimoja.

"Tulikuwa familia ishirini na mbili," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Walikuja mchana, wakasema jua lisitukute. Baba alikuwa seremala, nyumba ile aliijenga yeye. Hawakumlipa hata msumari. Akafa akiwa kibarua wa watu." Akaivua ile kofia. "Kila mtu mtoni amewahi kuniona na kitu hiki. Mama ananiona. Nilitaka awepo mtu mmoja tu duniani ambaye hajaniona. Nikachagua uwe wewe."

Verdell akaichukua, akaiweka mapajani. Hasira yote ilikuwa imemtoka, hajui imetokea wapi.

"Mimi niliyekufukuza kwa uongo mdogo," akasema, "nimetunga bibi, dada, binti na harusi, kwa pumzi moja."

"Umenitukana pia. Dereva mzembe."

"Hilo lilikuwa kweli. Tairi hukukagua."

Akacheka kidogo, macho yamejaa machozi. Verdell akamfuta kwa kiganja. "Rahabu aliwaficha wapelelezi kwa uongo," akasema, "na Mungu akamhesabia wema. Nje huko tutasema yatakayotufikisha nyumbani. Lakini mimi na wewe, Hosea, la aibu na la uchungu, yote uniambie."

"Nitakuambia." Akavuta pumzi. "La kwanza ni hili. Nataka kukuoa, nami naogopa utakataa."

"Sijibu maswali kando ya barabara. Tia gari moto."

Mama yake Hosea aliwapokea na taa mkononi. Mwanamke mfupi, mkavu, macho makali. Aliwashika wote wawili mabega na kiuno kama anayehakikisha wamefika wazima. Ndani akawawekea maharage na mkate wa mahindi, akaketi kuwatazama.

"Huyu ni Verdell, mama."

"Jina nimelisikia. Ni nani wako?"

Hosea akakitazama chakula. Mama akamwonea huruma, akageuza mazungumzo kwenye lile aliloliuliza kila safari.

"Mmepita Ashlock. Mpea wangu ule wa mbele ya nyumba, niliopanda alipozaliwa huyu. Mwaka huu umezaa?"

"Umezaa sana, mama," Hosea akasema haraka. "Matawi yameinama."

Verdell akaweka kijiko chini. Alimtazama Hosea, akamtazama yule mama, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya upole.

"Umekatwa, mama. Nimeona kisiki. Wameweka chungu cha maua juu yake."

Hosea akafumba macho. Mama yule alikunja mikono mapajani, midomo ikicheza kama ya mtu aliye kwenye sala.

"Miaka kumi huyu ananiambia umezaa," akasema mwishowe. "Kila mwaka, hata mwaka ule wa ukame. Nikawa namwitikia, nisimvunje moyo." Akamgeukia Verdell. "Na wewe uliyekuja kunisemea kweli mezani kwangu siku ya kwanza, hujaniambia bado. Ni nani wa mwanangu?"

"Mke wake, mama, Mungu akijalia. Kama yeye hatachoka kuambiwa kweli."

Hosea akafumbua macho.

"Naona hata yeye ndiyo kwanza anasikia," mama akasema. Akavuta kiti chake, akakisogeza mpaka magoti yake na ya Verdell yakagusana. "Haya, mwanangu. Niambie na veranda ya nyumba yetu ile. Niambie kila ulichokiona, usiniruke kitu."