Kabichi za Ukingoni

Kila siku baada ya masomo, Hedwiga alivua sare, akala makande yaliyobaki, kisha akashuka na jembe lake hadi kijitoni. Baba yake, Mzee Eliufoo, alikuwa amempa kipande cha shamba alime kabichi. Huo ulikuwa mwaka ambao bei ya kahawa ilianguka, na viatu vya mitumba vikaanza kumwagwa juu ya maturubai siku za gulio. Hedwiga alitaka raba za kuendea shule, na wachuuzi kutoka Same walikuwa wakipanda mlimani kununua kabichi.

Kati ya shamba lake na maji palikuwa na ukanda wa matete. Wanakijiji waliupanda kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakakubaliana kwamba jembe lisiingie humo. Mizizi ya matete ilizuia udongo usiteremke hadi kwenye ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Hedwiga aliyajua yote hayo, kwa kuwa msimamizi wa zamu alikuwa baba yake. Hata hivyo, udongo wa chini ya matete ulikuwa mweusi na laini. Aling'oa mashina machache, na hakuna aliyemuuliza. Baadaye aling'oa mengine. Masika yalipokaribia kwisha, mstari wake wa mwisho wa kabichi uligusa maji.

Mvua kubwa ya mwisho ilinyesha. Kulipokucha, ukingo ulikuwa umemeguka, kabichi zimechukuliwa na maji, na ndiva imejaa tope. Msaragambo ukaitishwa ili kulizoa.

Watu walimpa Hedwiga pole kana kwamba amefiwa. Bibi Veneranda, jirani yao, alimletea miche iliyofungwa kwa jani la mgomba. "Usilie, mjukuu wangu. Utapanda upya." Hedwiga aliipokea kwa mikono miwili, asiweze kumtazama usoni.

Lawama zilimwangukia Kassimu. Alikuwa amepanda mlimani baada ya shamba la mkonge alilofanyia kazi kufungwa, akakodi shamba dogo bondeni na kufuga mbuzi jirani na kipande cha Hedwiga.

"Mbuzi wamezoea kutafuna mkonge," kijana mmoja alisema akitupa tope. "Matete kwao ni keki."

Watu walicheka. Kassimu hakucheka. "Mbuzi wangu nawafunga kamba."

"Basi matete yameondoka yenyewe, yamekwenda gulioni."

Mzee Eliufoo alinyoosha mkono kuwanyamazisha. "Utaratibu wetu unajulikana. Anayeharibu ukingo hukosa zamu ya maji mpaka ukingo upone."

"Mzee, maharage yangu yametoa maua," Kassimu alisema kwa sauti ya chini. "Yakikosa maji ya zamu hizi, sitavuna kitu."

Watu waliendelea kuzoa tope. Hedwiga alijitwika karai la tope, akapanda ukingo akiyumba kwa uzito. Mara karai likawa jepesi. Kassimu alikuwa amelishika.

"Lete, mwanangu, limekuzidi. Na pole kwa kabichi zako. Lakini kweli, mbuzi wangu hawakufika pale."

Hedwiga alimwachia karai. Laiti Kassimu angemkaripia, yeye angevumilia. Alirudi hadi aliposimama baba yake, mbele ya watu wote.

"Baba, matete niliyang'oa mimi."

"Umesema nini?"

"Nilitaka mistari iongezeke. Nilitumia jembe. Mbuzi hawajafanya kitu."

Majembe yalitulia. "Kumbe mbuzi ni wa msimamizi," mtu alinong'ona, na safari hii aliyecheka ni yeye peke yake.

Mzee Eliufoo aliitazama mikono yake yenye tope. "Nami niliuona ukanda ukipungua," alisema hatimaye. "Sikuuliza, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kumvika mwanangu viatu. Zamu yangu apewe Kassimu mpaka ukingo upone. Ndugu yangu, nimekuhukumu bila kuchunguza. Niwie radhi."

Kassimu aliliweka karai chini. "Maji nayapokea leo, Mzee. Hiyo radhi itakuja polepole."

Hedwiga alimrudishia Bibi Veneranda miche yake. Bibi aliichukua, akaifunga upya kwa jani la mgomba, akaenda zake.

Jumamosi, baba na binti walipanda vipandikizi vya matete, katika ukanda mpana kuliko wa kwanza, nusu nzima ya kipande cha Hedwiga.

"Baba, watu wataniangalia hivi mpaka lini?"

"Matete yatashika kabla ya jina letu," Mzee Eliufoo alijibu, akikandamiza udongo kwa kiganja. "Ukingo huu, mwanangu, tumepewa tuutunze kwa ajili ya watu walio chini yetu. Wao hawatuoni tukilima, wanatuamini tu. Mwaminifu hutunza alichoaminiwa hata pale asipoonekana. Sisi wawili tulishindwa, wewe kwa jembe na mimi kwa kufumba macho. Sasa tufanye kazi, tusubiri."

Bondeni, Kassimu alikuwa akiyaelekeza maji kwenye matuta ya maharage. Alipoinua kichwa na kuwaona, alipunga mkono kidogo tu, kisha akaendelea na kazi. Hedwiga aliinamisha macho. Baada ya muda, naye aliinua mkono.