Mgeni wa Adrien

Visi ya kwanza, skrubu ndogo ya kifuniko, ilikuwa ya moto. Adrien aliiangalia kiganjani. Kompyuta ya marehemu mjomba wake, ya zamani, ile ambayo vitufe na mwili ni kitu kimoja na picha hutokea kwenye televisheni, haikuwa imepata umeme kwa miaka mingi. Alitaka tu kuiongezea kadi ya kumbukumbu, acheze tena michezo ya utoto wake.

Akatoa visi zote, akaziweka kando, akaingiza turunevisi, bisibisi yake, chini ya kifuniko. Ndani ya kompyuta kukagongwa mara tatu, taratibu, kama mtu aliye mlangoni.

"Karibu," akajibu bila kufikiri.

"Unakaribisha nani, papa Elysée?" Mke wake Priscille, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wao Elysée, akacheka.

"Ni mudomo tu, mama. Imezoea."

Kifuniko kikaachia. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikajaa chumba. Kiti cha wageni kikalia, kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia. Elysée akaachia titi, mwili wake ukaanza kupoa.

Priscille akakimbia naye nje. Kizingitini pumzi ya mtoto ikakatika. Aliporudi nyuma, ikarudi. Akajaribu tena, ikakatika tena. Adrien akarudisha kifuniko, akakaza visi zote, lakini mtoto alizidi kupoa na kiti kilizidi kulia.

Wakampigia simu Mama Madeleine, mwombezi wa mtaa wa Lumumba. Alipofika alinusa, akamnong'oneza Adrien.

"Ulimuambia karibu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi naweza kuomba mpaka kesho, ni bure. Hakuingia kwa nguvu. Ni mugeni wako, na mugeni anasindikizwa na mwenye kumukaribisha."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka yeye mwenyewe aseme: inatosha, rudia nyumbani. Ukirudia kabla hajasema vile, naye anarudia kwenu."

Adrien akasimama mbele ya kiti kitupu. "Twende, mugeni. Nikusindikize."

Kiti kikanyamaza. Walipovuka kizingiti, Elysée alilia kwa njaa, na Adrien hakugeuka.

Jua likiwa bado juu wakapita soko, wakapita nyumba za mwisho, wakashika barabara ya Komanda, ile harufu ikitembea begani pake, vumbi likijaa nyayo za mtu mmoja tu, hata mwenye pikipiki mmoja akapunguza mwendo, akawaangalia, akasema, "Pandeni, papa, nabeba wawili," na Adrien akatikisa kichwa, akatafuta maneno ambayo mwenyeji huyasema anapotaka kurudi nyumbani.

"Asante kwa kututembelea, mugeni."

"Hata miye niko na furaha," sauti ikajibu kando yake. "Twende tena kidogo."