Debe la Isihaka

Mahindi ya Chausiku na mumewe Isihaka yalikuwa yameanza kukomaa. Pale kijijini Misima, mahindi yakifika hapo, nyani nao hufika. Ndiyo maana majirani walikuwa na mapatano: debe likilia katika shamba lolote, wote wanatoka mbio. Nyani wakisikia kelele za watu wengi, hukimbia.

Mapatano hayo yalimvimbisha kichwa Isihaka. Nyani wakiingia kwake, anawaswaga hadi kwa Richard, jirani wa mpakani ambaye hakuwa katika mapatano. Kisha anacheka. Siku moja Richard alikuja kulalamika.

"Bwana Isihaka, mbona unaniletea nyani?"

"Kwani nimewazaa mimi?" Isihaka alijibu, akamsukuma.

Richard alipoinua fimbo, Isihaka alilivamia debe. Ndo! Ndo! Ndo!

Majirani walifika wakihema. Nyani hawakuwepo.

"Nipigieni huyu!" Isihaka alisema.

"Umeanza wewe kumpelekea nyani," mmoja wao alijibu. "Debe lako likilia tena, tutafikiri kwanza." Wakaenda zao.

Chausiku aliona aibu, tena aliogopa. Mahindi yale ndiyo chakula chao cha mwaka mzima. Jioni alimwita Bibi Zamda, jirani yao aliyestaafu jeshi.

"Shikamoo, bibi," alisema Isihaka. "Wenzangu wamevunja mapatano!"

"Marahaba. Aliyevunja ni wewe," Bibi Zamda alicheka. "Hata nchi huwekeana mapatano ya namna hii. Zinasema: ikishambuliwa moja, tumeshambuliwa sote. Adui akijua hivyo, anasita. Vita vinazuiwa kabla havijaanza. Nchi yetu nayo ina mkataba wa kulindana na nchi za kusini mwa Afrika."

"Kwa hiyo nchi moja ikipigana, zote zinapeleka askari?" Chausiku aliuliza.

"Hapana. Kwanza viongozi wanakaa kikao. Mkataba wa kujihami si wa kuchokozea watu. Halafu kila nchi inatoa inachoweza: hii askari, ile chakula au dawa. Lakini nguvu yake ni kuaminiana. Ukiwaita wenzako kwa ugomvi wako, siku ya shida utabaki peke yako."

Isihaka alijikuna kichwa. "Na Richard je?"

"Nyani wanapita kwake kuja kwako. Ukimfanya adui, mlango huo nani atakulindia?"

"Umelikoroga, mume wangu," Chausiku alimtania. "Kalinywe."

Asubuhi Isihaka alikwenda kwa Richard, akamwomba radhi. Kisha akawaomba majirani radhi, akawasihi wamkubali Richard katika mapatano. Walikubali, lakini wengine walikuwa bado wamenuna.

Haikupita wiki, nyani wakaja kundi zima. Isihaka alipiga debe. Kimya. Chausiku alitazama njiani. Je, watakuja?

Ghafla debe jingine likajibu mpakani. Alikuwa Richard, anakuja mbio! Nyuma yake madebe yakalia kila upande, majirani wakatokea wakipiga mayowe. Nyani waligeuka, wakapotelea porini.

Chausiku alicheka hadi machozi yakamtoka. Siku hiyohiyo aliwachomea wote mahindi, na la kwanza akampa Richard.

"Maskini nyani," Richard alisema huku akitafuna. "Leo hata kwangu wamefukuzwa!"