Kadi Iliyoanguka Titye

Jua lilikuwa linazama Herieth alipoteremka kwenye bodaboda pale Heru Juu, na kilichompeleka kilikuwa kitu cha dakika chache tu. Mjane mmoja aitwaye Philomena alitakiwa kutia saini kiapo ili afungue mirathi ya mumewe, na kwa kuwa mguu ulikuwa umemvimba, wakili akaamua kumfuata mwenyewe. Wakili gani anamfuata mteja mpaka kwenye shamba la mihogo? Wakili mwenye njaa ya kazi, ndiye huyo.

Ofisi yake mjini Kasulu ilikuwa imekaa muda mrefu haiingii mtu ila buibui. Na wakili haruhusiwi kujitangaza. Hawezi kupita mitaani na kipaza sauti kama muuza dawa ya panya. Ng'ambo ya barabara, Wakili Theonest alikuwa na wateja hadi wanakaa kwenye ngazi. Herieth aliumia. Alikuwa amemwahidi mama yake, aliyeishi peke yake Kitahana kule Kibondo, kwamba kazi ikishika kasi tu atamchukua wakae wote mjini. Mama alikuwa anangoja. Basi Herieth akaanza kuzunguka misibani. Anatoa pole, anakaa na wafiwa, na wakati wa kuaga anapenyeza kadi yake mkononi mwa mtu. Palipo na kaburi, mirathi haikosekani.

Halafu siku za karibuni wateja wakaanza kumiminika. Wote wa mirathi. Wote wakidai wameelekezwa na mzee mmoja mpole.

Herieth hakuwa amemtuma mzee yeyote.

Moja kwa moja akamshuku Theonest. Huyu kaniwekea mpiga debe, aliwaza, ili kesho anishtaki kwamba natafuta wateja kwa mlango wa nyuma, ninyang'anywe leseni. Alimchukia hata salamu yake akawa haitikii.

Kwa hiyo Philomena alipomaliza kutia saini, Herieth akamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, huyo mzee aliyemwelekeza kwake yukoje.

Mjane akaingia ndani, akarudi na kadi. Ilikuwa kadi ya Herieth kweli, lakini pembeni ilikuwa na udongo mwekundu. Herieth akaigusa. Ilikuwa mbichi... Ilikuwa imekaa siku zote hizo ndani ya nyumba, karibu na jiko, na bado ilikuwa mbichi. Akainusa. Ilinuka shimo.

"Mrefu, na koti la kaki," Philomena akasema taratibu. "Alikohoa kwanza ndiyo akapiga hodi. Nikamwekea kigoda, akasema hakai, yuko njiani. Akaniambia nisihangaike, mtu wetu yupo."

Herieth akainua macho kutoka kwenye kadi.

"Mlikuwa mmeshazika?"

Mjane akamtazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Kuzika nani, mama wakili? Mume wangu alikuwa pale nyuma, anamenya mihogo. Tulimcheka yule mzee, tukasema sisi wakili wa nini. Kesho yake asubuhi ndiyo..."

Hakumaliza. Akaokota kigoda chake, akaingia ndani bila kuaga, na Herieth akasikia komeo likisukumwa.

Mtu wetu yupo.

Maneno hayo alishayasikia. Aliyasikia msibani Titye, walipomzika Mzee Niyomwungere, dalali wa mashamba aliyejulikana vijiji vyote. Waombolezaji walikuwa wakimwigiza huku wanalia: anavyokohoa kabla ya hodi, anavyokataa kiti, na hilo neno lake la kumtoa mtu wasiwasi. Walisema hakuna aliyewahi kumkatalia. Walimzika na koti lake la kaki kwa sababu mwenyewe aliomba hivyo.

Herieth naye alisogea kutupa udongo, kadi zikiwa kiganjani. Moja ikachomoka. Aliiona ikitua juu ya jeneza. Wenzake walikuwa wanalia, hakuna aliyetazama, naye kwa upumbavu wake akainama na kunong'ona kwa mzaha: "Basi mzee, na wewe unitafutie wateja." Akacheka kimoyomoyo. Kaburi likafukiwa.

Wakili anajua vizuri kwamba makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano.

Maskini Theonest wa watu, hakuwa na habari. Herieth aliitupa ile kadi kwenye migomba, akafuta mkono kwenye sketi, akafuta tena. Harufu haikutoka. Aliikumbuka ile foleni ya wateja aliyokuwa akimshukuru Mungu kwayo, sura moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kila mmoja wao alipewa kadi lini. Alitaka kulia.

Alikuwa anapanda bodaboda simu ilipoita. Mama.

"Mwanangu, leo umenipa raha," mama akasema, na sauti yake ilikuwa changamfu kabisa. "Amepita mzee wenu wa ofisini, kakusifu mpaka nikatoa machozi. Mstaarabu huyo! Nimempa kiti, kakataa, eti yuko njiani."

Herieth akamwambia asiguse chochote alichoacha.

"Kadi? Nimeshaipokea, ninayo hapa. Ila ina udongo... Nikamwambia mimi ndiye mama yake, wakili wa nini tena? Akasema ndiyo maana kaja. Mama wa wakili hatozwi."

Herieth akamshika dereva bega, akamwambia Kibondo, sasa hivi. Dereva akaanza kueleza habari za giza na ubovu wa njia. Herieth hakumsikia. Alikuwa anamsihi mama yake atoke ndani, aende kwa jirani, aache kila kitu.

"Ngoja kidogo, mwanangu," mama akamkatiza. "Naona kuna kitu kasahau. Anakohoa tena hapa mlangoni."