Vidonge Ndani ya Kochi

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Chiriku aliketi sakafuni akang'oa misumari. Baba yake alikuwa fundi wa makochi, na sebule yao ndiyo iliyokuwa karakana. Makochi ya wateja yalijaa mpaka mlangoni, mengine hayana kitambaa, mengine springi zimechomoza nje, na aliyetaka kupita ilimbidi ajibane kiubavu. Chiriku aling'oa misumari ya zamani kwenye fremu kwa koleo, akijihadhari asipasue mbao. Bibi, mama yake Baba, alishona foronya za mito. Mama hakuwapo mwezi ule, alikuwa amekwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua.

Jina la Chiriku halikutoka hewani. Tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza. Alisimulia ya darasani, ya njiani, hata ya kuku wa jirani. Baba hakuweza kumjibu, maana kila alipopigilia kitambaa alijaza misumari midogo mdomoni, akawa anaichomoa mmoja mmoja.

"Babako ana raha zake," Bibi alipenda kusema. "Yeye amejiziba mdomo kwa misumari. Mimi nina masikio mawili na sina cha kuyazibia!"

Basi mafua yakamshika Chiriku. Koo likamwasha, mwili ukachemka, kikohozi kikamkosesha usingizi. Baba alifunga kazi akampeleka kituo cha afya.

Daktari alikuwa mama mmoja aliyevaa miwani juu ya paji la uso, kisha akawa anaitafuta mezani. Alimsikiliza Chiriku kifuani na mgongoni, akamchungulia koo, akatazama jinsi anavyopumua.

"Mapafu yake ni safi," alisema. "Haya ni mafua yanayoletwa na virusi. Antibiotiki huua bakteria, haziui virusi, kwa hiyo sitampa. Nitampa dawa ya kutuliza homa. Apumzike na anywe maji ya kutosha. Akianza kupumua harakaharaka, au homa ikikataa kushuka, mrudishe upesi."

Baba alitoka amenuna. "Nimeacha kazi, nimepanga foleni asubuhi nzima, halafu naambiwa mtoto anywe maji! Kwani nyumbani kwangu bomba limekauka?"

Njiani akapitia duka la dawa. Muuzaji hakumwuliza cheti cha daktari, naye hakujieleza. Alitoka na vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, vile ambavyo mtaani kwao watu walimeza kwa kila kitu, jino likiuma, tumbo likisokota, hata kidonda kikichelewa kukauka.

"Lakini Baba, daktari amesema..."

"Daktari hasikii unavyokohoa usiku. Mimi ndiye ninayesikia. Meza, mwanangu."

Kama Baba angefoka, huenda Chiriku angebisha. Lakini alilitamka lile "mwanangu" kwa sauti ya mtu aliyechoka kwa hofu, tena akamshikia kikombe mwenyewe. Chiriku akatia kidonge mdomoni, akakisukuma chini ya ulimi, akanywa maji.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

Baba alipogeuka, Chiriku alikitema kiganjani na kukisukumia ndani kabisa ya mkono wa kochi lililokuwa karibu naye, katikati ya sponji na pamba. Alijiambia kwamba anamtii daktari, na hilo lilikuwa kweli. Akajiambia pia kwamba huo si uongo mkubwa. Hapo alijidanganya, kwa sababu uongo wa asubuhi ulihitaji mwenzake jioni, na wa jioni ukahitaji mwingine kesho yake.

Siku zikapita, akapona. Homa ilishuka, kikohozi kikapungua mpaka kikaisha. Baba alifurahi kupita kiasi. Aliacha kumpa vidonge, akaviweka vilivyobaki juu ya kabati, na kila mteja aliyeingia akasimuliwa.

"Ningemsikiliza daktari, mtoto angekuwa bado amelala! Dawa ni hii. Hata dozi hakumaliza, na mtazameni!"

Chiriku aliinamia misumari yake. Alitaka kusema, "Baba, sikumeza," akang'oa msumari mwingine badala yake. Kila habari iliposimuliwa upya, ilizidi kuwa vigumu kuikanusha. Utaanzaje kumwambia mtu anayejivunia kupona kwako mbele ya mtaa mzima kwamba ulimdanganya?

Halafu Bibi akaanza kukohoa.

Baba hakupoteza muda. Alipanda juu ya stuli, akavishusha vidonge kutoka kabatini. "Tuna bahati, Mama. Dawa ipo humu humu ndani."

Bibi alipokea kidonge, akamtazama mjukuu wake, akatabasamu. "Kama kimemponya huyu mwenye koo la ndege, mimi kitashindwaje kuniponya?" Akakimeza.

Chiriku alijisikia vibaya hata akashindwa kumtazama.

Kesho yake Bibi hakushika sindano. Siku iliyofuata hakutania mtu. Alilala kwenye kochi refu katikati ya makochi mengine, uso umemshuka, na kila alipokohoa alijishika ubavu. Homa ilimpanda. Alikuwa amelala tu, lakini alihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani.

"Baba," Chiriku alisema, "tumpeleke Bibi kituoni. Anapumua harakaharaka."

"Ili tukaambiwe anywe maji?" Baba alikuwa anakata kitambaa, na mkasi haukusimama. "Ngoja nikuulize. Wewe ulipona kwa nini?"

Chiriku aliokota koleo, akaliweka chini tena.

"Nakuuliza wewe. Ulipona kwa nini?"

"Kwa dawa," akajibu kwa sauti ndogo.

"Basi! Dawa si taa, ubonyeze iwake. Tuipe nafasi."

Chiriku alijua sasa kwamba amebanwa kotekote. Akisema ukweli, Baba atajua kwamba mtoto wake wa kumzaa alimdanganya siku baada ya siku. Akinyamaza, Bibi ataendelea kulala pale akingoja, na kinachomfanya angoje ni kupona kwake yeye. Alitazama huku na huku katika ile sebule iliyojaa makochi. Hata pa kwenda kulia hapakuwapo.

Akachukua ndoo, akaenda bombani. Huko alimkuta Mapengo, rafiki yake wa darasani, anajaza maji.

"Kulikoni leo?" Mapengo alimtania. "Chiriku kimya! Mvua itanyesha mawe."

Chiriku akamweleza yote. Mapengo alianza kwa kucheka. "Shoga yangu, babako atakuchuna ngozi aivalishe kochi! Wewe nyamaza tu. Bibi atapona, na mambo yatakwisha yenyewe."

"Na asipopona?"

Mapengo akafunga bomba. Kicheko kilikuwa kimemwishia. "Hapo sijui," alisema. "Lakini ukinyamaza mpaka akafa, utakuja kumwambia nani?"

Chiriku hakungoja kuteka maji. Alirudi mbio, ndoo tupu ikimgonga miguuni. Alimkuta Baba anapigilia kitambaa, misumari imejaa mdomoni. Nyundo ilipotulia, pumzi ya Bibi ilisikika, fupi fupi, yenye mlio. Chiriku alijua kwamba Baba akiwa na misumari mdomoni hawezi kumkatiza. Akapiga moyo konde.

"Baba, sikumeza vile vidonge. Hata kimoja. Niliviweka chini ya ulimi, ukigeuka navitema. Nilipona mwenyewe, kama daktari alivyosema. Nilikudanganya kila siku. Bibi anangoja aponywe na dawa iliyoniponya mimi, na mimi haikuniponya. Tafadhali, Baba, tumpeleke."

Nyundo ilibaki hewani. Baba aliitema misumari yote kiganjani.

"Viko wapi?"

Chiriku akaonyesha kwa kidole mkono wa kochi lilelile alilokuwa analivalisha. Baba alipenyeza vidole upande ambao haujapigiliwa, akapapasa ndani, akatoa kidonge kilichobonyea, kimegandana na pamba. Akapapasa tena, akatoa kingine.

"Uliniangalia machoni," alisema polepole, "ukaniambia umemeza."

"Ndiyo, Baba."

Chiriku alijikunyata akingoja radi ipige. Lakini Baba alikuwa amegeuka kumtazama mama yake, na safari hii alimtazama kweli. Aliona pua zinavyotanuka kila anapovuta hewa. Aliona mikono iliyolegea juu ya shuka.

"Fungua milango yote miwili," alisema. "Upesi!"

Bibi hakuweza kutembea. Baba alitoa nje mkokoteni wa kupelekea makochi kwa wateja, akapandisha kochi la mtu mmoja ambalo bado halijavalishwa, akamkalisha Bibi juu yake na kumfunika shuka. Baba alivuta, Chiriku akasukuma huku amemshika Bibi bega asiyumbe. Mapengo aliwaona wakipita, akaacha ndoo yake akaja kusukuma.

"Leo..." Bibi alisema, akapumzika, "leo na mimi... napelekwa kwa mteja."

Hakuna aliyeweza kucheka.

Daktari yule yule alimsikiliza Bibi kifua, na mara hii alirudia mahali pamoja mara kadhaa. Akamwita muuguzi alete oksijeni.

"Ni nimonia, homa ya mapafu," alisema. "Pafu la kulia limeshambuliwa vibaya. Ametumia dawa gani?"

Baba alieleza yote bila kujitetea, ya duka la dawa, ya kabatini, hata yale ya Chiriku.

"Umefanya vyema kunieleza," daktari alisema. "Huyu sasa anahitaji antibiotiki, lakini za aina yake na kwa kipimo chake. Tutaanza na za sindano. Masalio ya kabatini hayangeuweza ugonjwa huu. Kama mngeendelea kungoja..." Akageuka kuandaa sindano.

Walipokuwa wamekaa nje ya wodi, daktari akapita. Chiriku akasimama.

"Daktari, samahani. Mbona mimi ulininyima antibiotiki, na Bibi unampa? Sote tulikuwa tunakohoa."

Daktari alimgeukia Baba. "Fundi, ukiletewa makochi mawili, yote yanalia ukiyakalia, unayatengeneza kwa njia moja?"

"Haiwezekani," Baba alijibu. "Moja litakuwa springi, jingine fremu imepasuka. Lazima niyafungue nione."

"Basi kikohozi nacho ni kelele tu. Lazima mtu asikilize ndani kuna nini. Na antibiotiki zikimezwa ovyo ovyo, au zikiachwa nusu, bakteria huzizoea. Siku ukizihitaji kufa na kupona, zinagoma. Bibi yenu atamaliza dozi yake yote, hata akijiona mzima. Hakuna cha kubakiza, hakuna cha kumgawia jirani."

Bibi alilazwa. Siku hizo zote Baba hakugusia habari ya ule uongo. Alimtuma Chiriku maji, alimtuma shuka safi, akamshukuru, basi. Ukimya huo ulimbana Chiriku kuliko kofi. Kila Baba alipofungua mdomo alidhani sasa ndiyo sasa, kumbe alikuwa anauliza saa.

Hatimaye asubuhi moja Bibi aliomba chakula mwenyewe, akala, kisha akalalamika kwamba mpishi wa kituo anaiogopa chumvi. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Akamshika Chiriku mkono, wakatoka, wakaketi kwenye benchi la ukumbini.

"Nimekasirika," alisema.

"Najua, Baba."

"Hujui. Sijamaliza kukasirika, na nitakasirika tena tukifika nyumbani. Lakini na mimi nina langu. Daktari alikupima, akaniambia ukweli, nikampuuza kwa sababu hakunipa kitu cha kushika mkononi. Halafu nikautangazia mtaa mzima jambo nisilolijua. Itabidi niwazungukie tena wote, mlango kwa mlango, niwaambie nilikosea."

Chiriku alitazama miguu yake.

"Siku ile ulijua kwamba ninachokupa si sawa," Baba aliendelea. "Ulikuwa na haki ya kukataa. Sasa nisikilize. Siku nyingine ukijua jambo si sawa, nikatalie hapo hapo, usoni. Nitafoka. Acha nifoke! Kufoka kwangu hakuui mtu, mwanangu. Kunyamaza kwako nusura kumchukue mama yangu."

Chiriku akalia kwa nguvu, mbele ya watu wote waliokuwa ukumbini, kilio alichokuwa amekizuia tangu kidonge cha kwanza. Baba akamvutia kifuani kwake, wala hakumwambia anyamaze.